Slaisi haitibiwi kwa draiva mpya: uzi wa kurekebisha swingi ya gofu, tuanze na mshiko

Baba Nuru:

Wakuu heshima kwenu. Swali linalorudi kila mara ni hili: "Draiva yangu inakata kulia, ninunue ipi?" Aironi za mtu, zile fimbo za chuma, zinakwenda vizuri tu, lakini akisimama kwenye tii, kijiti cha kuwekea mpira wa kwanza, na draiva, fimbo ndefu kuliko zote, mpira unaanza kushoto au katikati, ukifika juu unapinda kulia mpaka kwenye miti. Hiyo ndiyo slaisi. Ataambiwa anunue fimbo mpya, ataambiwa alenge kushoto zaidi, ataambiwa asiinue kichwa. Yote matatu hayagusi ugonjwa wenyewe.

Naandika kwa mtu wa mkono wa kulia. Wa kushoto mgeuze pande tu.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema ili anayepinga apinge: slaisi ni tatizo la uso wa fimbo kwanza (pale panapogonga mpira), njia ya fimbo baadaye (upande fimbo inakoelekea ikipita kwenye mpira). Na kinachoamua uso wa fimbo utafika ukitazama wapi, kwa wachezaji wengi wa kawaida, ni mshiko. Nimeona watu wanabadilisha kila kitu mwilini, magoti, bega, kichwa, pumzi, na mikono imebaki vile vile kwenye mpini. Mpira nao unabaki vile vile.

Tuanze na mpira wenyewe maana ndiyo shahidi asiyedanganya. Kwa miongo mingi walimu walifundisha kwamba mpira huanza safari kwa kufuata njia ya fimbo, kisha hupinda kuufuata uso. Rada za kupima mwendo wa mpira zilipoingia, hasa za TrackMan, kampuni ya Denmark iliyoanzishwa 2003, ikawa wazi kwa kila mtu kwamba ni kinyume. Mpira huanza kuelekea karibu kabisa na pale uso unapotazama wakati wa kugonga, takriban asilimia 85 kwa draiva na 75 kwa aironi. Sehemu ndogo inayobaki ndiyo ya njia. Kupinda kunatokana na tofauti kati ya uso na njia. Uso ukiwa wazi, yaani umegeukia kulia, kuliko njia, mpira unakata kulia. Ukiwa umefunga kuliko njia, unarudi kushoto. Tofauti ikiwa kubwa, kona nayo inakuwa kubwa.

Kwa hiyo mpira ukianza kushoto kidogo halafu ukapinda kulia, maana yake uso ulitazama kushoto kidogo ya lengo, lakini njia ya fimbo ilikwenda kushoto zaidi ya hapo. Ukianza kulia na kuzidi kwenda kulia, uso ulikuwa wazi kabisa hata kwa lengo lenyewe. Hizi ni slaisi mbili tofauti na hazirekebishwi kwa mpangilio ule ule. Mpira ukianza kushoto na kwenda moja kwa moja kushoto bila kupinda, huna slaisi. Una tatizo la njia tu, na ukibadilisha mshiko utajiharibia.

Sasa fikiria hili. Uso wa fimbo na mpira hukaa pamoja kwa muda wa kama sehemu moja ya elfu mbili ya sekunde. Hakuna mkono wa binadamu unaoweza kusahihisha chochote ndani ya muda huo. Anayesema "nitafunga uso wakati wa kugonga" anasema kitu kisichowezekana. Uso unafika ulivyofika kwa sababu ya maandalizi ya nyuma yake, na andalizi la kwanza kabisa ni jinsi ulivyoshika ukiwa bado umesimama. Na makosa madogo ni ghali: digrii 1 tu ya mwelekeo ni yadi 3 na nusu ukiwa umefika yadi 200, hapo mpira haujaanza hata kupinda.

Kabla ya kugusa mshiko, kuna kipimo kimoja cha bei rahisi. Pulizia uso wa draiva poda ya miguu ile ya kopo, ukikosa sugua chaki. Piga mipira kadhaa, kila mara utazame alama ilipobaki. Uso wa draiva una mbonyeo wa nje, hivyo mpira ukigongwa upande wa kisigino, yaani karibu na shingo ya fimbo, unapata mzunguko wa kukata kulia hata kama uso na njia vilikuwa sawa. Ukigongwa upande wa ncha, unarudi kushoto. Mtu ambaye alama zake zote zimejaa kisiginoni atahangaika na swingi mwaka mzima kumbe anasimama karibu mno na mpira, au uzito unamwangukia kwenye vidole vya miguu akishuka. Huyo arekebishe umbali wa kusimama kwanza.

Kama alama ziko katikati na mpira bado unakata, twende kwenye mshiko.

Chukua glovu yako ya zamani uitazame chini ya kiganja, upande wa kidole kidogo. Kama pamelika au pametoboka, unashika fimbo kiganjani badala ya vidoleni, na mpini unasuguana na ngozi kila unapopiga. Fimbo iliyolala kiganjani hainyumbuki, kifundo cha mkono kinakwama, na uso unachelewa kurudi. Mpini upite kwenye mkono wa kushoto kuanzia chini ya kidole kidogo hadi pingili ya katikati ya kidole cha shahada. Kisha funga mkono juu yake, ile nyama ya chini ya kiganja ikae juu ya mpini, siyo pembeni yake. Ukitazama chini uone vifundo viwili, hata vitatu, vya vidole vya mkono wa kushoto. Ukiona kimoja au huoni kabisa, mshiko wako ni dhaifu, na neno dhaifu hapa halihusu nguvu ya kubana. Linahusu mkono ulivyogeukia upande wa lengo.

Mkono wa kulia unakuja kwa vidole pia, na ule mfereji wa kiganja unafunika dole gumba la kushoto. Mkunjo unaofanyika kati ya dole gumba na kidole cha shahada, kwa mikono yote miwili, uelekee bega la kulia. Kama wa kwako unaelekea kidevuni au bega la kushoto, umepata chanzo cha slaisi yako.

Iwapo kidole kidogo cha kulia kipande juu ya cha kushoto kama alivyokieneza Harry Vardon, au vifungane kama walivyocheza Jack Nicklaus na Tiger Woods, au vidole vyote kumi vikae kwenye mpini, hilo ni la ukubwa wa mkono na starehe yako. Halina uhusiano na slaisi. Watu wanabishana sana hapo bila faida.

Kuna jambo la Ben Hogan ambalo nalisema kwa heshima yote, maana mzee yule ana mataji 9 makubwa na alirudi akashinda US Open ya 1950 baada ya ajali mbaya ya gari ya Februari 1949. Picha za mshiko wake ziko kila mahali na watu wanauiga. Lakini Hogan ugonjwa wake ulikuwa ule unaoitwa "huku" (hook), mpira unaopinda kushoto kwa nguvu. Alidhoofisha mshiko makusudi ili mpira usimkimbie kushoto. Mwenye slaisi akiiga dawa ya mwenye "huku" anaongeza ugonjwa. Tazama mchezaji alikuwa anapambana na nini kabla hujachukua dawa yake.

Ukibadilisha mshiko utajisikia vibaya. Mikono itakuwa kama si yako, na mipira ya kwanza itakwenda kushoto ajabu. Hiyo ni dalili nzuri kabisa. Anza na aironi namba 7, nusu swingi, fimbo ifike usawa wa kiuno nyuma na usawa wa kiuno mbele. Lengo liwe kuupindisha mpira kushoto kwa makusudi. Ndiyo, makusudi. Mtu ambaye hajawahi kupiga "huku" hata moja maishani hajui hisia ya uso unaofunga, na huwezi kurudi katikati kutoka upande ambao hujawahi kuufika. Ukishaweza kuupindisha kushoto kwa kutaka, ongeza swingi polepole, mwishoni kabisa ndiyo utoe draiva.

Njia ya fimbo nitaieleza mkianza kuuliza, nisiwachoshe.

Ngong Upepo:

Asante kwa uzi mkuu, lakini mimi sikubaliani na mpangilio wako. Mwalimu wangu hapa Nairobi alianza na njia ya fimbo. Alisema ninakata mpira kwa sababu mabega yanatangulia kushuka, fimbo inatoka nje kuingia ndani, yaani inapita kwenye mpira ikielekea kushoto. Akaniwekea kifuniko cha draiva nje ya mpira nisikiguse wakati wa kushuka. Kwa nini usianze hapo, na huko ndiko wengi wanakoharibikia?

Baba Nuru:

Mkuu Ngong, mwalimu wako hajakosea kuhusu unachokifanya. Ninachouliza ni kwa nini mwili wako unakifanya.

Chukua mtu mwenye uso ulio wazi. Akipitisha fimbo vizuri, kutoka ndani, mpira unaanza kulia na kuzidi kulia, unapotea kabisa. Macho yake yanaona hivyo mara mbili tatu, mwili unajifunza wenyewe kuvuta fimbo kushoto ili mpira walau ubaki uwanjani. Ile kutoka nje kuingia ndani mara nyingi ni kinga. Sasa ukimnyang'anya kinga bila kumfungia uso, umemrudisha kichakani, na wiki ijayo ataivuta tena kushoto bila kujua. Ndiyo maana wengi wanafanya zoezi la kifuniko mbele ya mwalimu, wakifika shimo la kwanza limeshawatoka.

Uso ukishaanza kufunga, mpira unaovutwa kushoto unakwenda kushoto kweli kweli, na hapo mwili wenyewe unatafuta njia ya ndani. Zoezi la mwalimu wako linakuwa tamu wakati huo. Mimi naliweka la pili, sijalitupa.

Na kulenga kushoto, ambako kila mwenye slaisi anakimbilia, kunaongeza tatizo. Miguu ikielekea kushoto, mabega yanafuata, fimbo inapita kushoto zaidi, tofauti kati ya njia na uso inakua, kona inakuwa kubwa. Mtu analenga kushoto zaidi, mpira unakata zaidi. Weka fimbo mbili chini, moja kwenye mstari wa lengo na nyingine kwenye ncha za viatu, ziwe sambamba. Kisha tazama mabega, maana miguu inaweza kuwa sawa na mabega yamefunguka. Hili hutokea hasa mpira ukiwa mbele mno. Kwa draiva uwe usawa wa kisigino cha kushoto, usivuke hapo.

Ngong Upepo:

Hapo nimekuelewa. Ila kushuka kwenyewe, tunaanzaje? Kila mtu anasema "anza na nyonga" na mimi nikianza na nyonga ninaona mikono inabaki nyuma, mpira unakwenda kulia.

Baba Nuru:

Swali zuri sana. Mpangilio unaopimwa kwa wachezaji wazuri ni nyonga, kisha kifua, kisha mikono, kisha fimbo. Kila kimoja kinafikia kasi yake na kukipisha kinachofuata. Lakini kuanza na nyonga si kuzizungusha kwa pupa. Kinachoanza ni uzito kuhamia mguu wa kushoto, wakati mgongo bado umeelekea lengo. Ukizizungusha papo hapo, mabega yanavutwa nayo na unarudi kwenye kukata, au mikono inakwama nyuma kama unavyosema.

Jaribu hivi. Pandisha fimbo hadi juu, shusha mikono mpaka usawa wa kiuno huku kifua bado kinatazama kulia, pandisha tena, shusha tena, mara ya tatu piga. Fanya bila mpira kwanza. Utasikia kiwiko cha kulia kinashuka mbele ya nyonga badala ya kutoka nje.

Na usikimbilie. Ukipima muda wa swingi za wachezaji wa kulipwa, kupandisha huchukua karibu mara tatu ya kushuka hadi mpira, awe mwepesi au wa taratibu. Sisi wa kawaida tunapandisha polepole mno kisha tunarukia kushuka kwa mabega. Hesabu "moja mbili tatu" ukipandisha, "nne" ukigonga.

Umbo la swingi lisikutese. Jim Furyk fimbo yake inapanda wima halafu inazunguka kitanzi kabla ya kushuka, hakuna mwalimu anayemfundisha mtoto vile. Alishinda US Open ya 2003 na mwaka 2016 akamaliza raundi ya Travelers Championship kwa mikwaju 58. Fimbo ikifika kwenye mpira inafika sawa, kila mara. Hilo tu ndilo linalohesabika.

Kusi la Nyali:

Salaam kaka. Mimi niko Mombasa. Nina marafiki wa Nairobi, wakija kucheza huku wanalalamika kwamba slaisi imewazidi na mpira hauendi mbali. Wanasema ni nyasi zetu, wengine wanasema ni joto. Je, ni upepo tu au kuna jambo jingine?

Baba Nuru:

Kusi, hao marafiki hawajakosea kulalamika, wamekosea sababu. Nairobi iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi. Mpira unapata upinzani mdogo, unakwenda mbali zaidi kwa takriban asilimia 6 kuliko pwani. Sasa hewa hiyo hiyo ndiyo inayoupindisha mpira unaozunguka. Hewa ikiwa nyepesi, kona inapungua. Yaani Nairobi inamfichia mtu sehemu ya slaisi yake, akishuka Nyali au Dar anaiona yote. Mchezaji wa bara akija pwani aongeze fimbo moja, yaani achukue inayopiga mbali zaidi, na asishangae mpira ukipinda zaidi ya alivyozoea.

Halafu ndiyo upepo unaongezea. Upepo wa kusi ukivuma kutoka kulia kwenda kushoto, slaisi inazuiliwa na mtu anadhani amepona. Ukikupiga usoni, mpira wenye mzunguko mwingi unapanda juu, unasimama, unaanguka. Kwenye upepo wa usoni chukua fimbo ndefu zaidi, shika chini kidogo kwenye mpini, swingi fupi na tulivu. Ukijikaza kupiga kwa nguvu unaongeza mzunguko, na mzunguko ndiyo chakula cha upepo.

Dada Tii:

Kaka Baba Nuru, nimefanya ulivyoandika, vifundo vitatu, mkunjo kwenye bega la kulia. Wiki ya kwanza ilikuwa nzuri, mpira ulikuwa unarudi kidogo kushoto. Sasa unaanza kulia halafu unarudi kushoto sana, unavuka uwanja. Nirudishe mshiko wa zamani?

Baba Nuru:

Dada hongera, umetoka upande mmoja ukafika wa pili. Usirudi kabisa ulikotoka. Soma mpira: umeanza kulia, kwa hiyo uso ulitazama kulia. Umepinda kushoto, kwa hiyo njia yako imekwenda kulia zaidi ya uso. Siyo mshiko peke yake, ni njia iliyozidi kutoka ndani.

Mara nyingi kinachotokea ni kwamba nyonga na kifua vimesimama wakati wa kugonga, mikono inapita peke yake na kupindua fimbo. Piga mipira ambayo mwishoni kabisa kitovu chako kinatazama kushoto ya lengo, na mguu wa kulia umesimama kwa ncha ya kiatu. Kama bado unazidi, punguza kifundo kimoja tu, kutoka vitatu hadi viwili. Na angalia mpira haujarudi nyuma sana katikati ya miguu, maana mpira uliorudi nyuma unakutana na fimbo ikiwa bado inaelekea kulia.

Dada Tii:

Nimeangalia video, ni kweli kifua kimesimama. Mpira pia ulikuwa umerudi nyuma. Asante sana.

Mzee Kitante:

Vijana hamjambo. Mimi nacheza Kampala, miaka imekwenda, mgongo haugeuki kama zamani. Nikipandisha fimbo mabega yanakwama nusu njia, naishia kunyanyua mikono na kukata mpira. Mshiko nimeshautengeneza. Nifanye nini na mwili huu?

Baba Nuru:

Shikamoo mzee wangu. Kuna mambo matatu yatakusaidia bila kuuumiza mgongo. Ukisimama, geuza mguu wa kulia nje kidogo na uusogeze nyuma kama nusu kiatu, nyonga itapata nafasi ya kugeuka. Pili, ruhusu kisigino cha kushoto kinyanyuke ukipandisha. Waliowakataza wazee kunyanyua kisigino wamewanyima mzunguko bure, Jack Nicklaus mwenye mataji 18 makubwa alikuwa akikinyanyua katika ubora wake wote. Kukirudisha chini kisigino hicho ndiyo mwanzo wa kushuka, kwa hiyo unapata na mpangilio mzuri bila kufikiri. Tatu, kubali swingi fupi. Mikono ikifika usawa wa bega inatosha, kuliko kuilazimisha juu zaidi kwa kukunja viwiko.

Na uso wa draiva yako una mwinamo wa digrii ngapi mzee?

Mzee Kitante:

Marahaba mwanangu. Ni digrii 9. Nilipewa na kijana wangu.

Baba Nuru:

Huo ni mwinamo mdogo mno, kwako na kwa wengi wetu humu. Uso wenye mwinamo mdogo unaukuza mzunguko wa pembeni. Uso ukiwa wazi kwa kiasi kile kile, fimbo ya digrii 12 inapinda mpira kidogo kuliko ya 9, ndiyo maana watu wanasema mti namba 3, fimbo yenye mwinamo zaidi, unakwenda sawa lakini draiva haiendi. Swingi ni ile ile. Kama fimbo yako ni ya kurekebishika shingoni, ongeza mwinamo, na kwa nyingi ya hizo uso nao unafunga kidogo ukiongeza. Tii iwe ya juu kiasi kwamba nusu ya mpira inaonekana juu ya kichwa cha draiva, na bega la kulia liwe chini kidogo kuliko la kushoto ukisimama, ili fimbo iukute mpira ikianza kupanda.

Hapo ndipo nakubali habari ya vifaa. Fimbo zenye uzito uliosogezwa kisiginoni zinasaidia kidogo, yadi chache. Zinapunguza, haziponyi.

Kedi Mdogo:

Habari zenu wakubwa. Mimi nabeba mifuko ya fimbo za wachezaji, fimbo nilizo nazo ni aironi namba 5 moja niliyopewa na mteja. Sina pesa ya renji, uwanja wa mazoezi. Tunapata muda wa kupiga jioni pembeni tu. Naweza kujifunza haya yote na fimbo moja au najidanganya?

Baba Nuru:

Mdogo wangu, hujidanganyi hata kidogo. Seve Ballesteros alijifunza akiwa mtoto ufukweni Pedreña, Hispania, na aironi namba 3 moja. Mwaka 1978 alikuja Muthaiga, Nairobi, akashinda Kenya Open. Fimbo moja inakufundisha kitu ambacho mfuko wenye fimbo 14 unakinyima: lazima uufungue uso ili mpira upande, uufunge ili ukimbie chini, uupindishe kulia na kushoto kwa fimbo ile ile. Ukimaliza hapo unaujua uso wa fimbo kuliko mwanachama wa klabu mwenye kila kitu.

Chora mstari kwenye mchanga au udongo laini, usiweke mpira. Simama kama mpira uko juu ya mstari, piga, tazama alama imeanzia wapi. Ianze kwenye mstari au mbele yake upande wa lengo, kamwe isianze nyuma. Na tazama alama inaelekea wapi. Ikielekea kushoto, fimbo inakata. Hiyo ni rada yako ya bure. Wewe pia una darasa kubwa ambalo sisi hatuna, unatazama swingi za watu siku nzima. Kabla mteja hajapiga, tazama mshiko wake na ubashiri moyoni mpira utakwenda wapi. Baada ya muda utakuwa unapatia kabla fimbo haijashuka.

Kedi Mdogo:

Shukrani sana mkubwa. Mstari wa mchanga naanza leo jioni.

Ngong Upepo:

Mkuu, narudi na jingine. Slaisi ya draiva imepungua sana baada ya kufuata mpangilio wako, nakiri. Tatizo sasa ni aironi. Renji napigia kwenye mkeka, mpira unanyooka. Uwanjani nikiingia kwenye nyasi ndefu za pembeni, mpira unakwenda kushoto, mara nyingine fimbo inasimama kabisa. Ni mshiko mpya umezidi?

Baba Nuru:

Hapana, hiyo ni kikuyu. Nyasi hiyo asili yake ni nyanda za juu za Afrika Mashariki na jina lake limetoka huko kwenu, leo iko hadi uwanja wa Riviera, Los Angeles, na wachezaji wa kulipwa wanailalamikia. Ina vikonyo vinene vinavyotambaa na kusokotana. Fimbo ikiingia humo, nyasi inakamata shingo ya fimbo, upande wa kisigino unapunguza kasi huku ncha inaendelea, uso unafunga wenyewe. Mpira unakwenda kushoto na chini. Mkeka nao unakudanganya kwa upande wake: ukigonga nyuma ya mpira fimbo inateleza na mpira unaondoka kana kwamba ulipiga vizuri.

Kwenye feawei, zile nyasi fupi za katikati, kikuyu inaunyanyua mpira, furahia. Pembeni fanya hivi: chukua fimbo yenye mwinamo mkubwa kuliko unaotaka, sahau umbali. Fungua uso kidogo kabla ya kushika, yaani geuza fimbo kwanza kisha ndiyo ushike, usishike halafu ukapindisha mikono. Bana vidole vitatu vya mwisho vya mkono wa kushoto kuliko kawaida. Mpira uwe nyuma kidogo, fimbo ipande wima mapema na ishuke wima, iguse nyasi chache kabla ya mpira. Mpira ukiwa umezama kabisa, toa weji, fimbo fupi yenye mwinamo mkubwa, uurudishe feawei. Na kabla ya kupiga tazama nyasi imelalia wapi. Ikielekea lengo, fimbo itapita. Ikielekea kwako, itakuzuia zaidi, usijaribu aironi ndefu hapo.